Tusivushe Udongo

Miaka michache iliyopita nilirudi kutoka Bara na miche minne ya ndimu. Ilikuwa kwenye viriba vyeusi, na muuzaji alikuwa ameinywesha maji asubuhi ile ili isininyaukie njiani. Nikaipanga kwenye ndoo ya rangi, ndoo nikaipakata melini mpaka Unguja. Bibi mmoja aliyekaa ubavuni mwangu alivutiwa nayo, akaniomba mmoja, nikampa. Sikuuliza kama inaruhusiwa kuvuka, wala sikuulizwa. Kabla ya magharibi miche mitatu ilikuwa imeshatiwa ardhini, nyuma ya nyumba yetu ya shamba, hatua thelathini hivi kutoka kwenye mikarafuu aliyoiacha babu.

Ndugu zangu wa Unguja, nimeanza na kosa langu kwa sababu najua silibebi peke yangu. Nani kati yetu hajavusha kiriba? Huyu analeta mwembe wa kupandikiza, yule mparachichi, mwengine waridi la kuweka kwenye baraza Mji Mkongwe. Tunautazama mche, tunageuza majani kutafuta wadudu, tunaridhika. Udongo hatuutazami.

Watu wa bandarini wanamjua mzamiaji: hana tiketi, hana jina kwenye orodha, lakini chombo kikifika naye kafika. Kiriba kimoja kina wazamiaji wengi kuliko meli yoyote. Ndani ya kile kibonge cha udongo zimo kuvu, bakteria na minyoo isiyoonekana kwa macho, na kundi moja linaloitwa Phytophthora, ambalo wataalamu wanasema si kuvu hasa bali lina nasaba na mwani. Wengi wa viumbe hawa hawana madhara, na bila baadhi yao hata mchicha usingeota. Wachache ndio wauaji wa mizizi. Hao wa Phytophthora wana vijimbegu vyenye mikia, na vinaogelea. Masika yakishuka na vijia vya shamba vikageuka vijito, vinasafiri majini kutoka mzizi wa mti huu mpaka wa ule. Tena vinapanda kwenye kandambili, kwenye jembe, kwenye tairi la gari ya ng'ombe.

Mmoja wao ana jina linalotuhusu. Phytophthora cinnamomi ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922, Sumatra, kwenye magome ya mdalasini, na jina lake limetokana na mti huo. Kimelea hicho hakikuishia kwenye mdalasini. Leo kinaozesha mizizi ya miparachichi katika nchi nyingi, na huko Australia Magharibi kimekausha misitu ya mti unaoitwa jarrah. Watu wa huko waliiona miti ikikauka tangu miaka ya 1920, lakini ilipita miongo kadhaa, mpaka miaka ya 1960, ndipo ikathibitishwa kwamba muuaji yumo udongoni. Muda wote huo magari ya kukatia miti na kuchongea barabara yalikuwa yakimbeba kwa matope kutoka msitu huu kwenda mwengine.

Kwetu pia haya yalishapita, ila tumesahau. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa kishindo, na mpaka leo kila mtoto wa skuli anasimuliwa habari zake. Lakini karne ya ishirini mikarafuu ilikufa kwa namna nyengine, bila upepo. Mkarafuu mkubwa, uliokwisha kulisha vizazi, majani yake yanaanza kugeuka rangi. Baada ya siku chache yamenyauka na kupukutika, mti umesimama mifupa mitupu. Ukaitwa ugonjwa wa kifo cha ghafla, ingawa ghafla ilikuwa ya macho yetu tu. Chini ya ardhi mizizi myembamba inayonyonya maji ilikuwa imekwisha kufa zamani.

Ilibidi utafiti ufanywe hapa hapa visiwani. Watafiti Nutman na Sheffield walichapisha mwaka 1949 uchunguzi wao wa ugonjwa huo na namna ulivyokuwa ukienea. Miaka ya 1950 Nutman na mwenzake Roberts wakaitaja kuvu waliyoipa jina la Valsa eugeniae kuwa ndiyo inayoua mizizi. Wakaeleza pia ugonjwa mwengine, wa kukausha matawi, ambao kuvu yake huingilia kwenye jeraha. Tawi unalolivuta kwa ngoe msimu wa kuchuma, likapasuka ukaliacha linaning'inia, hapo ndipo mlango ulipo. Baadaye ikabainika kuwa kuvu hiyo ya matawi ni ile ile inayotia vidonda mikalitusi ya Cuba na Brazil. Yaani mkarafuu wa Unguja na mkalitusi wa Brazil inaugua ugonjwa mmoja. Ukitaka kujua vimelea hivi vinatembea kiasi gani, hapo pametosha.

Vinatembeaje? Nendeni Cape Town. Kwenye bustani ya zamani iliyoanzishwa na Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki, watafiti waliona miti inaoza mizizi. Wakaipima kuvu, na mwaka 2001 wakatoa jibu: ni Armillaria mellea, mzaliwa wa nchi za kaskazini, na ushahidi wote unaonesha ililetwa na walowezi wa mwanzo zaidi ya miaka 300 iliyopita, pengine ndani ya vyungu vya miche iliyopakiwa merikebuni. Chungu cha udongo kilichoshushwa gatini zama hizo, mpaka leo kinaua miti. Nasi ni mji wa gati tangu enzi na enzi.

Siku hizi mzamiaji hana haja ya kungoja pepo za kaskazi. Kuvu ya mnyauko wa migomba, ile aina mpya inayoua hata ndizi ambazo aina ya zamani haikuziweza, ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, na mwaka 2019 ikaonekana Mayotte. (Najua mgomba si mti, wazee wangu wa Kizimbani msinisahihishe; lakini waliokwisha kupoteza migomba ya kisukari kwa mnyauko wa zamani wananielewa.) Udongo ukishaambukizwa kuvu hiyo, unakaa nayo miongo. Na kwa ndugu zetu Oman, ambako hakuna wiki mtu wa Unguja haendi au harudi, miembe ya Batina ilianza kufa mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kuvu ambayo mwaka 2007 ilipewa jina la Ceratocystis manginecans. Mende wa magome huibeba, na mizizi nayo ni njia. Ukimpelekea shangazi yako Maskati embe boribo, hakuna ubaya. Akitaka kukurudishia mche wa mwembe ndani ya chungu, mshukuru, uuache huko huko.

Hapo najua mtasema: bwana huyu anataka serikali ituwekee askari kwa kila mche. Serikali ina lake, na nitalisema. Lakini bandari bubu zetu hazihesabiki, na hakuna meza ya karantini itakayotosha kila mdomo wa pwani. Mwenye kujua kilichomo ndani ya ndoo ni mwenye ndoo.

Huko New Zealand, watu wa kabila la Te Kawerau ā Maki waliona miti yao mikubwa ya kauri inakufa kwa Phytophthora ya aina nyengine, inayoenezwa na matope ya viatu. Hawakungoja. Mwezi Disemba 2017 walitangaza mwiko wa kimila wa kuingia msitu wa Waitākere, na serikali ya mji ikaja kufunga njia mwaka uliofuata. Leo anayetaka kuingia misitu ya kauri anapita kwanza kwenye kituo cha kusugua viatu. Na sisi mwiko wa namna hiyo tunaujua. Kisiwa Panza, Pemba, wavuvi walikubaliana kufunga sehemu ya miamba ya pweza kwa miezi, na wakailinda wenyewe mpaka siku ya kufungua. Anayeweza kumwacha pweza anayemwona, hawezi kuacha kiriba?

Basi ninayoyaomba ni haya. Miche ya kupanda tununue kwenye bustani za hapa kisiwani, na tumuulize mwenye bustani udongo wake kauchota wapi. Ni haki ya mnunuzi, kama unavyomuuliza muuza samaki ni wa leo au wa jana. Mwenye hamu ya aina isiyopatikana hapa, aende kwanza kwa watu wa ulinzi wa mimea apate kibali, alete mbegu safi au vijiti vya kupandikizia, udongo aubakize ulikotoka. Na wakaazi wa Mji Mkongwe, asumini na mrehani kwenye vyungu vya darini havitudhuru. Kinachotudhuru ni chungu kilichokufa mmea wake, kisha udongo wake ukapakiwa kwenye gari kwenda kumwagwa shamba.

Wenzetu wa mashamba ya viungo, Kizimbani, Dole na Kidichi, mnapokea wageni kila siku ya Mungu. Huyu juzi alikuwa kwenye msitu wa Australia, yule wiki iliyopita alikuwa kwenye shamba la miparachichi Kenya, na buti ni zile zile. Wekeni mlangoni brashi ngumu, ndoo ya maji na chupa ya spiriti. Tope litoke kwanza, spiriti ifuate, kwani spiriti juu ya tope haifiki kwenye kimelea. Waongoza watalii mfanye hivyo hivyo kwa viatu vyenu, maana nyinyi mnaingia mashamba matatu kwa siku moja. Na Jozani, pamoja na kima punju wote wanaopigwa picha, ni msitu wa ardhi yenye maji, ambapo kijimbegu chenye mkia hakitakosa pa kuogelea.

Mti ukifa bila sababu unayoijua, usikimbilie shoka. Mwite bwana shamba au bibi shamba, mwambie sheha, na uandike: mti gani, mahali gani, umeanza lini, upo karibu na mti gani mwengine uliokufa. Kila shehia iwe na daftari moja la miti iliyokufa. Simu zenu zinapiga picha na kuonesha mahali; anayetafiti namna ugonjwa unavyoenea hana msaada mkubwa kuliko huo. Gogo na mizizi yake visiburutwe kupita shamba la jirani, na jembe lililochimba pale lioshwe kabla halijagusa kwengine.

Kwa serikali na watafiti ombi ni fupi. Anayeleta mzizi mgonjwa kwenye kituo cha utafiti cha Kizimbani apate jibu, kwa Kiswahili, hata kama jibu ni kwamba hawajaona kitu. Mtu aliyebeba mfuko wa udongo kwenye daladala akarudi mikono mitupu, habebi wa pili.

Miche yangu mitatu, miwili imeshika na inazaa. Wa tatu ulinyauka mwaka wa pili, katikati ya masika, maji yamejaa pale pale chini yake. Nilipoung'oa mizizi ilikuwa ya kahawia, na ganda lake likivuka kwa vidole kama la muhogo uliochemka. Huenda ni maji tu yaliuzidi. Nimeiweka mizizi kwenye mfuko na kuipeleka kupimwa. Shimo nimelizungushia vijiti ili maji yasipite yakateremka kwenye mikarafuu. Jirani yangu kila akipita ananiambia shimo zuri kama lile nimpe apande mgomba, na kila akiniambia namjibu asubiri.