Mali bila Daftari

Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani neno hilo ni la wenye maduka tu. Tazameni yaliyoupata mji wa Kisangani, nanyi mtaona kwamba lamhusu kila mwenye nyumba.

Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji ule. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa au kuharibiwa. Kongo ilikuwa imekwisha kuishtaki Uganda mwaka 1999 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara yote ya vita. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Fungu la mali iliyoharibiwa lilikuwa milioni 40 tu.

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, lakini moja yatugusa sisi wenye nyumba: ushahidi ulikuwa haba. Fomu zilizojazwa na watu waliopata hasara mara nyingi hazikufuatana na hati ya kuthibitisha mali na thamani yake. Nani atawalaumu? Mtu akimbiaye mabomu humshika mtoto, hashiki sanduku la karatasi. Ndiyo maana kazi hii hufanywa wakati wa amani.

Basi, fanyeni hivi. Andikeni katika daftari kila kitu cha thamani kilichomo nyumbani: jina lake, siku kiliponunuliwa, na bei. Wekeni pamoja stakabadhi na hati ya kiwanja. Kisha toeni nakala, mkamkabidhi ndugu mwaminifu akaaye mbali, kwa maana moto uunguzao nyumba huunguza na kabati. Ninyi wanafunzi wenye mwandiko mzuri, wasaidieni wazazi wenu.

Mfanyabiashara wa Basoko, pale Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, ana hatari yake tena. Bidhaa zake humjia kwa maji kutoka Kisangani. Mashua ikizama, karatasi huzama pamoja na magunia. Kabla ya kupakia, na aandike hesabu ya mizigo, mwenye chombo atie sahihi, na nakala moja ibaki nchi kavu.

Je, bima haitoshi? Bima ni jambo jema. Kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake katika kazi hiyo nchini Kongo. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliwafungulia wengine mlango. Lakini someni mkataba wote kabla ya kutia sahihi. Kwa desturi bima ya moto hailipi hasara ya vita wala ya fujo, isipokuwa imeandikwa waziwazi. Tena mwenye bima naye ataulizwa: Ulikuwa na nini, na kilikuwa na thamani gani?

Daftari halizuii moto wala risasi. Lakini siku ya kudai haki, ndilo litakalomsemea mjane na yatima mbele ya wakubwa. Bei yake ni ndogo. Linunueni juma hili.