Binti akiishi kwa watu Ujerumani, ‘niko salama’ haitoshi

Simu ilipigwa kila siku saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza. Mama, mkazi wa Morogoro, alikuwa ameshamaliza kazi za jikoni, amekaa kwenye kochi na bando lake la wiki. Upande wa pili binti yake wa miaka 20 alipokea huku akihema. “Shikamoo mama, niko salama, nitakupigia.” Kisha anakata. Ikawa hivyo wiki nzima, halafu mwezi. Mama akaanza kuwaambia majirani kwamba mtoto amebadilika, Ulaya imeshamwingia kichwani.

Hakuna aliyemweleza jambo dogo la saa. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, Ujerumani iko nyuma ya Tanzania na Kenya kwa saa mbili, na miezi mingine kwa saa moja. Saa mbili usiku ya Morogoro wakati wa baridi ni saa kumi na mbili jioni kule. Katika nyumba ile, huo ndio muda wa kuwakalisha watoto mezani, kuwaogesha, kuwapigisha mswaki na kuwalaza. Binti hakuwa amebadilika. Alikuwa kazini.

Jembe la siku ya kwanza

Binti huyo alikwenda kwa mpango wa au pair, njia ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaitumia kufika Ujerumani. Neno lenyewe ni la Kifaransa, maana yake ni sawa kwa sawa. Kijana anaishi kwenye familia kama mmoja wao, anasaidia kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za nyumbani, nao wanampa chumba, chakula na posho huku akijifunza lugha. Anatakiwa awe ametimiza miaka 18 na hajafikisha 27 anapoomba viza, na awe na Kijerumani cha mwanzo, ngazi ya A1. Kibali hakizidi mwaka mmoja.

Masharti ya kazi yanajulikana. Saa hazizidi 30 kwa wiki wala 6 kwa siku. Mapumziko ni siku moja na nusu kila wiki, jioni nne ziwe zake, na angalau Jumapili moja kwa mwezi awe huru. Posho ni euro 280 kwa mwezi, na familia mwenyeji huchangia euro 70 kwa ajili ya darasa la lugha. Bima ya afya na ajali ni juu ya familia hiyo. Kuuguza wazee au wagonjwa hakumo kabisa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Au pair hupewa jembe mapema zaidi, ila ukubwa wa shamba umeandikwa kwenye mkataba. Tatizo ni kwamba wazazi wengi husoma tarehe ya safari na kiasi cha posho, mengine wanamwachia wakala na Mungu.

Sufuria halikuja

Jioni ya kwanza, mezani palikuwa na mkate mweusi, jibini, vipande vyembamba vya nyama, matango na nyanya. Binti akala kipande kimoja, akasubiri chakula chenyewe kije. Hakikuja. Wajerumani wengi hula kitu cha moto mchana, na jioni wanakula mkate. Hata jina la mlo huo, Abendbrot, maana yake ni mkate wa jioni. Kwa mtoto aliyezoea kulala na ugali tumboni, huo ulikuwa usiku mrefu.

Kibaya zaidi kilikuwa adabu. Mama mwenyeji alimuuliza kama ataongeza, naye akajibu hapana, nimeshiba. Nyumbani hapana ya kwanza ni heshima tu. Mwenyeji husema “jamani, kula mwanangu”, na mgeni ndipo anaongeza. Kule hapana ni hapana. Sahani ikaondolewa. Binti alilala na njaa siku kadhaa katika nyumba yenye friji lililojaa, ambalo alikuwa ameshaambiwa alifungue wakati wowote.

Jina nalo lilimsumbua. Mama mwenyeji alitaka aitwe kwa jina lake la kwanza, na mumewe vivyo hivyo. Binti aliyefundishwa kwamba mtu mzima haitwi jina lake alishindwa. Kwa wiki tatu hakuwaita chochote; alisimama mlangoni akisubiri waangalie upande wake. Alipozungumza nao alitazama chini, kama alivyolelewa. Wao walidhani ana kitu anaficha.

Mengine alijifunza kwa kukosea. Takataka hutenganishwa: karatasi peke yake, mabaki ya chakula peke yake, vifungashio peke yake, na kila pipa lina rangi na siku yake. Chupa nyingi za plastiki za maji na soda hazitupwi, zinarudishwa dukani kwenye mashine na mtu anarudishiwa senti 25 kwa kila moja. Jumapili maduka mengi yamefungwa na makelele hayatakiwi, hata kutupa chupa za kioo kwenye pipa la mtaani. Viatu vinavuliwa mlangoni. Madirisha yanafunguliwa kila siku hata kukiwa na barafu nje, ili hewa ibadilike. Mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi jioni. Miguu ya kijana wa Morogoro haijui giza la namna hiyo, na moyo wake haulijui pia.

Mtoto anayekataa koti

Mtoto mkubwa wa nyumba ile alikuwa na miaka minne. Asubuhi moja alikataa kuvaa koti, akalala sakafuni, akapiga mateke. Binti akanyanyua mkono. Aliushusha kabla haujafika, kwa kuwa mama mwenyeji alikuwa ameingia.

Hili ndilo jambo ambalo mzazi anayemwandaa mwanawe hatakiwi kulipita kimya. Tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na haki hiyo inamlinda hata dhidi ya kofi la mzazi wake mwenyewe. Kijana aliyelelewa kwa fimbo hawezi kutegemewa agundue njia nyingine akiwa peke yake, saa moja na nusu asubuhi, mtoto amelala sakafuni. Aelezwe mapema, na akiwa bado nyumbani akae siku kadhaa na watoto wa shangazi au jirani bila kutumia mkono wala vitisho. Kule mtoto huelezwa sababu, hupewa mambo mawili achague, na mkubwa husubiri. Kunachosha, lakini kunafundishika.

Swali lililosikika kama amri

Mwezi wa pili, mama mwenyeji aliuliza, “Unaweza kukaa na watoto Ijumaa jioni?” Lilikuwa swali. Lakini nyumbani mtu mzima akisema “unaweza kuniletea maji?”, hakuna mtoto anayekaa kufikiri kama anaweza. Anakwenda kuleta. Binti akajibu ndiyo. Wiki iliyofuata aliulizwa Jumatano, akajibu ndiyo. Ikaja Jumamosi. Akakosa darasa la lugha mara tatu. Saa zake zilipita 40 kwa wiki, na wenyeji walidhani anafurahia kuwa na watoto kwa sababu hajawahi kukataa.

Kwa nini hakusema? Jibu lilikuwa Morogoro. Nauli ya ndege ilitoka kwenye mkopo wa kikoba alichomo mama yake, na rejesho lilikuwa la kila mwezi. Katika euro 280, binti alikuwa anatuma 150. Zilizobaki zililipia kiasi cha ada ya lugha kilichozidi mchango wa wenyeji, nauli ya basi, simu na sabuni. Baba naye alikuwa ameshaulizia habari ya bati. Binti aliogopa kwamba akilalamika atarudishwa, na akirudishwa deni litabaki. Kwa hiyo kila mama alipouliza “uko salama?”, jibu lilikuwa lile lile. Swali lenyewe lilikuwa linaomba jibu hilo.

Siri ilitoka kwa video, Jumapili moja mchana. Mama aliona midomo ya mwanawe imepasuka, na kwamba amevaa koti akiwa chumbani. “Hilo si lile tulilonunua mnadani?” Lilikuwa lile lile, jepesi, la mtumba. Lilikuwa koti la baridi ya Lushoto, na huko nje palikuwa na theluji. Binti akanyamaza, halafu akalia.

Kilichofanyika baada ya machozi

Baba alitaka apewe namba ya wenyeji awapigie awaambie ukweli. Mama akakataa. Hajui lugha yao, na anayelala kwenye nyumba ile ni mtoto, si yeye. Badala yake alikwenda kwa wenzake wa kikoba, akaomba rejesho ligawanywe kwa miezi mingi zaidi na akaanza kulilipa mwenyewe kutoka kwenye biashara yake ya vitenge. Akamwambia binti asitume kitu kwa miezi mitatu, anunue koti na viatu. Kuhusu bati, baba aliambiwa asubiri mavuno.

Binti naye alipewa kazi. Kwa wiki mbili aliandika kwenye daftari saa alizofanya kazi, siku kwa siku. Mwalimu wake wa lugha alimsaidia kupanga sentensi chache za Kijerumani. Kisha aliomba kikao na wenyeji, akaweka daftari na mkataba mezani, akasema alichonacho huku akijilazimisha kutazama machoni.

Mama mwenyeji alisoma, uso ukawa mwekundu. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Kwa nini hukusema?” Jioni hiyo hiyo walichora ratiba mpya na kuibandika kwenye friji. Si yote yaliyonyooka. Baba mwenyeji bado huchelewa kurudi Jumanne, na binti bado huona aibu kufungua friji. Ila darasani hakosi tena.

Pale mazungumzo yasipotosha

Nyumba hii ilikuwa na watu wenye kusikia. Si zote ziko hivyo. Ikitokea wenyeji wanashikilia pasipoti, hawatoi posho, wanamzuia kutoka, wanamtwisha kuuguza mgonjwa au mtu anamgusa asivyotaka, hapo hakuna suala la kuvumilia kwa ajili ya deni. Kijana anaweza kuvunja mkataba na kutafuta familia nyingine kwa muda uliobaki kwenye kibali chake; mikataba mingi hutaja notisi ya wiki mbili. Kwenye hatari, polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa ni 112. Kwa wanawake wanaofanyiwa ukatili ipo 116 016, haina malipo, inapokea usiku na mchana na kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwamo. Namba hizo zinafaa kuandikwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya pochi, maana simu huzima na huibwa.

Mzazi anaweza kujenga usalama huo kabla ya safari. Mkataba usomwe na familia nzima, mstari kwa mstari, na nakala ibaki nyumbani. Nauli isipatikane kwa mkopo unaotegemea posho ya mtoto, kwa sababu posho si mshahara. Wakala anayedai fedha nyingi lakini hataki familia izungumze na wenyeji kwa video kabla ya viza, aachwe. Na kijana azoeshwe kusema mambo matatu bila kuona ni utovu wa adabu: sijaelewa, sitaweza, na bado nina njaa.

La mwisho linamhusu mzazi mwenyewe. Mama wa Morogoro hapigi tena saa mbili usiku. Anapiga Jumapili saa tisa alasiri, wakati nyumba ile imetulia baada ya chakula cha mchana. Wala haulizi tena “uko salama?” Anauliza Jumatano jioni ulikuwa wapi, umekula nini jana, nani amekuchekesha wiki hii, mtoto mdogo ameshaota jino. Ni maswali ambayo hayajibiki kwa neno moja.

Kuna Jumapili majibu yanakuwa marefu mpaka bando linakatika.