Jamhuri Dei si ya kulala tu

Wewe unayepanga kwenda kufundisha Kiingereza ng'ambo, hebu sikiza. Dada yangu anafundisha Bangkok. Kule tarehe 12 Desemba ni siku ya kazi kama kawaida, kwa hivyo jioni alisonga ugali, akakata kachumbari na kuwaalika walimu wenzake. Mambo yalikuwa sawa hadi mwalimu Mfilipino alipouliza: "Mlipata uhuru 1963 ama 1964?" Siku yao anaijua kwa kichwa: 12 Juni 1898. Mwenzao wa Thailand, nchi ambayo Wazungu hawakuwahi kuitawala, akatega sikio.

Dada akanitumia meseji. Huku ilikuwa saa tisa mchana na mimi bado niko kitandani. Ilibidi niingie Google.

Kumbe uhuru ulikuja 1963, lakini Malkia Elizabeth alibaki mkuu wa nchi hadi 1964, tulipokuwa jamhuri na Kenyatta akawa rais.

Usiniambie hayo ni mambo ya darasani. Mimi niliacha chuo na bado niliona aibu. Ukiwa kule, Kenya ambayo wenzako wataijua ni wewe. Bendera na ugali havitoshi, beba na hadithi yetu. Isome Desemba hii, kisha ulale.