Kalule Amekosa Nini?

Wapo wapenzi wa ngumi wanaodai kwamba Ayub Kalule wa Uganda hastahili kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Ngumi huko Canastota, Marekani, eti kwa kuwa alipigwa na Sugar Ray Leonard. Hoja hiyo ni dhaifu mno. Mwaka 1979 Kalule alimvua Masashi Kudo ubingwa wa WBA huko huko kwao Japani, akautetea mara nne. Hadi alipokutana na Leonard, Juni 1981, alikuwa hajashindwa hata pambano moja la kulipwa. Ray Mancini wa Marekani naye aliutetea wake mara nne, naye akapigwa. Lakini aliingizwa mwaka 2015! Kipimo ni kazi ya ulingoni, au ni televisheni za Marekani? Wapiga kura watujibu.