Tahadhari: Mvuke wa Embe Umeshashuka Kilindoni

Kijana alikuwa amekaa juu ya kreti za soda gatini Kilindoni, kisiwani Mafia, anasubiri boti ya Nyamisati imalize kushusha mizigo. Shingoni amening'iniza kitu cha plastiki, nusu cha waridi nusu cha kijani, unene wa kidole gumba, kwa kamba kama ile ya vitambulisho. Alipokitia mdomoni, taa ndogo ya buluu iliwaka kwenye kitako, na puani likamtoka wingu jeupe lenye harufu ya embe bivu. Nilikwishampita. Nikarudi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Unavuta nini hiyo?"

"Vepu. Siyo sigara hii, mjomba. Mvuke tu, kama wa birika."

Alikuwa bado na suruali ya sare ya shule. Nikamwomba nikishike. Maandishi ya Kichina upande mmoja, ya Kiingereza upande wa pili, picha ya embe, na namba: 5%. Nilitafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS, sikuiona, wala jina la aliyekiingiza nchini. Akanieleza bila kuficha kwamba ameletewa na kaka yake kutoka Dar es Salaam, na kwamba yeye na wenzake wawili wanapokezana.

Watoto watatu kwa kifaa kimoja. Nimeamua kuandika sasa, wakiwa watatu, kwa sababu wakishafika mia tatu maneno haya hayatakuwa na kazi.

Nianze na lile birika, maana ndilo linalowapoteza watoto na hata sisi wazazi. Birika hutoa maji. Kilichomo ndani ya vepu ni maji mazito ya glisarini na propilini glaikoli, yaliyotiwa nikotini na manukato. Kuna waya mwembamba uliosokotwa, betri inaupasha hadi zaidi ya nyuzi 200 za joto, maji yale yanageuka ukungu, na ukungu ndio unaovutwa. Kwa joto hilo kemikali zinavunjika na kuzaa nyingine. Mojawapo ni fomaldehaidi, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Nyingine ni akrolini. Akrolini kila mpika vitumbua anaijua hata kama hajui jina lake: ndiyo ule moshi wa mafuta yaliyoungua unaochoma macho na kukaba koo mpaka mtu akakimbia jikoni. Waya nao huacha chembechembe za nikeli na risasi. Hayo yote yanapita kwenye koo la mtoto yakiwa yamevikwa harufu ya embe.

Na ile 5% ni nikotini. Sigara ya kwanza humkaba mtoto. Anakohoa, machozi yanamtoka, na wengi huishia hapo. Kikohozi kile kilikuwa mlinzi wa mlangoni. Katika nyingi ya vepu hizi mpya nikotini imechanganywa na asidi ili isikwaruze koo, na mlinzi yule ameondolewa. Mtoto anavuta nikotini kali bila kukohoa hata mara moja, na ndani ya sekunde chache imefika kwenye ubongo ambao utaendelea kukua mpaka akaribie miaka 25. Baada ya wiki kadhaa anaamka kabla ya adhana akikitafuta kifaa chini ya mto. Darasani hatulii, nyumbani mkali, na mama anafikiri ni ujana.

Sasa mapafu, na hapa naomba msome polepole.

Julai 2019, madaktari wa hospitali ya watoto jijini Milwaukee, Marekani, walianza kupokea vijana waliokuwa wazima wa afya wiki chache nyuma, sasa hawawezi kuvuta pumzi. Homa, kikohozi, maumivu ya kifua, kutapika, kuhara. Picha za eksirei zilionyesha mapafu yote mawili yamejaa weupe. Dawa za nimonia hazikuwasaidia. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni vepu. Ugonjwa ukapewa jina la EVALI, yaani jeraha la mapafu linalotokana na uvutaji wa vifaa hivi. Hadi Februari 18, 2020, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilikuwa kimehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Nusu ya wagonjwa walikuwa hawajazidi miaka 24. Oktoba 2019, hospitali moja ya Detroit ilimbadilishia kijana wa umri wa sekondari mapafu yote mawili. Mapafu mazima, kutoka kwa maiti ya mtu mwingine.

Sitaki mtu aje aniambie nimetia chumvi, kwa hiyo niseme na upande huu. Wagonjwa wengi wa EVALI walikuwa wamevuta vepu zenye mafuta ya bangi, na nyingi ya hizo zilinunuliwa mitaani au kupewa na marafiki. Wachunguzi walipopima majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, katika 48 walikuta asetati ya vitamini E. Ni mafuta ambayo kwenye losheni hayamdhuru mtu. Wauzaji waliyatia kwenye bangi ya maji ili ionekane nzito na ya thamani. Ndani ya mapafu tuna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kimepakwa utando laini unaokizuia kisigande, na mafuta yale yanadhaniwa kuuvuruga utando huo. Wako pia wagonjwa waliosema hawakuvuta chochote ila nikotini, takriban mmoja katika kila saba.

Kwa hiyo swali la Mafia si kama vepu ya embe ni sawasawa na zile za Marekani. Swali ni nani anajua kilichomo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walipima vepu 596 zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38. Moja katika kila sita ilikuwa na spaisi, bangi ya maabara inayoweza kumwangusha mtu akapoteza fahamu. Wanafunzi wengi wangeapa kwamba wanavuta tunda. Hiyo ni nchi yenye maabara na wakaguzi wa maduka. Kijana wangu wa gatini alikuwa na kifaa kilichopita Kariakoo au pengine popote, kikapanda basi hadi Nyamisati, kikavuka maji ndani ya begi. Mimi na yeye hatukuwa na cha kukipimia zaidi ya pua zetu, na pua zilisema embe.

Wapo watakaosema afadhali vepu kuliko sigara. Kwa mtu mzima aliyevuta sigara miaka 20 na anayetaka kuacha, mjadala huo upo, na azungumze na daktari wake. Mtoto wa kidato cha pili ambaye hajawahi kugusa sigara hana anachoacha. Anaanza.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara hawezi kulihisi kama sisi. Kisiwa hiki kinakula kwa mapafu. Nimewaona vijana wa Jibondo wakati wa bamvua wakizamia pweza: miwani usoni, chuma mkononi, anavuta pumzi moja, anazama, na wewe uliye ndani ya ngalawa unaanza kuhesabu kimyakimya bila kutaka. Akiibuka hucheka, kwa sababu pumzi ile ilimtosha. Koo na njia za hewa zilizovimba kwa akrolini hazimpi pumzi ile. Zinampa makohozi, na kikohozi kinachomjia akiwa chini.

Wanaowaongoza wageni kwa mitungi ya hewa katika Ghuba ya Chole wana hatari nyingine, nayo ni ya kimaumbile kabisa. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya juu. Hewa aliyoivuta kule hutanuka mara mbili anapopanda. Ikiwa kipande cha pafu kimezibwa na makohozi, hewa haina pa kutokea, na pafu linaweza kupasuka. Kila mwalimu wa kuzamia anawafundisha wanafunzi wake wasizuie pumzi wanapopanda. Lakini mtu aliyezibwa ndani kwa ndani hajui kwamba ameizuia.

Na kijana akiugua? Hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Ya rufaa ya mkoa iko Tumbi, Kibaha. Muhimbili iko Dar es Salaam. Zote mbili ziko ng'ambo ya maji. Mgonjwa wa EVALI mara nyingi huhitaji oksijeni mfululizo, na wengi walihitaji mashine ya kupumulia. Fikiria kusi limekaza, usiku, na mtoto midomo imegeuka rangi.

Sheria yetu ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18. Ilitungwa mwaka uleule ambao mfamasia Hon Lik wa China alibuni sigara ya umeme, yaani vepu, tunayoiona leo, kwa hiyo walioiandika hawakukijua kifaa hiki. Uganda waliziba mlango huo kwa sheria yao ya 2015 na kupiga marufuku uuzaji wa sigara za umeme. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu mwaka 2023, nchi 34 zilikuwa zimepiga marufuku kama hiyo, na nchi 88 hazikuwa na umri wowote wa chini wa kununua. Bunge letu lina kazi hapa, na wabunge wa pwani waanze kuidai.

Lakini Bunge liko Dodoma na boti inaingia leo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hatuanzi sifuri katika mambo haya. Tulipoona mabomu ya baruti yanamaliza matumbawe, na hifadhi ya bahari ikaanzishwa hapa mwaka 1995, watu walisema haiwezekani kuyakomesha. Baadaye wavuvi wenyewe wakakubali kufunga miamba ya pweza kwa miezi ili pweza wakue. Kijiji kilichoweza kumwambia mvuvi mwenye njaa asubiri kinaweza kumwambia mwenye duka asiuze. Wenye maduka wa Kilindoni, Kirongwe na Utende nawaomba moja kwa moja: mkiletewa boksi la kwanza, likataeni. Mnajuana na hao watoto kwa majina.

Walimu na maustadhi wa madrasa, jifunzeni kifaa chenyewe kilivyo. Kinafanana na kalamu ya kuwekea alama, au flashi ya kompyuta, au kopo dogo la manukato. Hakiachi harufu ya tumbaku kwenye shati. Ukisikia embe, tikitimaji au mnanaa chooni mwa shule, usipite. Wala usimpige mtoto. Anayepigwa hujifunza kuficha, na anayeficha hatamwambia daktari. Wenye watoto wachanga, msikiache kifaa hiki juu ya mkeka: maji yake yakimezwa, kiasi kidogo sana cha nikotini humtapisha mtoto na kinaweza kumuua.

Nanyi vijana wangu, mliokwisha kuvuta. Sikuja kuwagombeza. Mkiacha leo mtasumbuka, mtakuwa wakali, usingizi utakata, lakini siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Mwambieni mtu mmoja mkubwa mnayemwamini, ajue kwa nini hamtulii.

Ishara za mapafu kuumia ni hizi: kikohozi kisichokata, kukosa pumzi hata kwa kupanda ngazi za gati, kifua kuuma, homa, kichefuchefu, tumbo kuharibika, mwili kupungua. Huweza kuja kwa siku chache au kwa wiki. Hapa kwetu kila homa huanza kwa jina la malaria, na kila kikohozi kirefu kwa jina la kifua kikuu. Mgonjwa apimwe vyote, ni haki. Lakini kipimo cha malaria kikitoka safi na pumzi bado haitoshi, daktari lazima aambiwe neno vepu, mbele ya baba mtu, hata kama ni aibu. Asivute tena hata mara moja. Kifaa msikitupe baharini wala msikifukie: kitieni kwenye mfuko wa plastiki, mfunge, mwende nacho hospitali. Na mgonjwa akipewa rufaa, mfuko ule upande boti pamoja naye.