Bajeti za kaunti zikipunguzwa, vijana wa mitaani huumia kwanza

Kila serikali za kaunti zinapopunguziwa fedha, kilio cha magavana huhusu mishahara, hospitali na barabara. Ni nadra kusikia kiongozi akiwataja vijana wanaolala kwenye vibaraza vya maduka jijini Nairobi au Mombasa, ilhali huduma zao ndizo rahisi zaidi kusitishwa bila yeyote kulalamika.

Tatizo hili si dogo. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka wa 2018 ilihesabu watu 46,639 kote nchini. Nairobi ilikuwa na 15,337 na Mombasa 7,529, kumaanisha kuwa kaunti mbili pekee zilibeba karibu nusu ya mzigo huo.

Yaliyotokea mwaka wa 2024 yanaonyesha jinsi huduma hizi zilivyo hatarini. Baada ya Rais William Ruto kukataa kutia saini Mswada wa Fedha mnamo Juni kufuatia maandamano ya vijana, mgao wa kaunti uliokuwa umepitishwa, Sh400.1 bilioni, ulilazimika kuangaliwa upya. Bunge la Kitaifa na Seneti zilivutana hadi Desemba, zilipoafikiana kuhusu Sh387.4 bilioni. Kwa takriban nusu mwaka, kaunti zilipanga matumizi bila kujua kwa hakika zingepata kiasi gani.

Katika hali kama hiyo, gavana hana nafasi kubwa ya kuchagua. Mishahara haiwezi kukatwa, na kaunti nyingi tayari zimevuka kiwango cha asilimia 35 ya mapato kilichowekwa kwa malipo ya wafanyakazi. Sheria pia inataka asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Kinachosalia ni fungu dogo la shughuli za kawaida, na humo ndimo mlimo chakula cha vituo vya uokoaji, ushauri nasaha kwa waraibu wa gundi na juhudi za kuwarejesha vijana kwao. Mgonjwa akikosa dawa hospitalini, jamaa zake hupiga kelele. Chokoraa akikosa chakula, hurudi barabarani kimya kimya. Wengi wao hawana hata kitambulisho, seuze kadi ya kura.

Walio hatarini zaidi ni waliotimiza umri wa miaka 18. Katiba, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti vituo vya kutunzia watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 humlinda aliye chini ya umri huo. Akiuvuka, kijana huyo huyo anageuka mtu mzima asiye na makao, na mara nyingi afisa wa kaunti anayekutana naye ni askari, wala si mshauri. Kifungu cha 55 cha Katiba kinawahakikishia vijana elimu, mafunzo na ajira, lakini haki isiyotengewa fedha hubaki maandishi.

Kenya imewahi kujaribu njia bora. Mwaka wa 2003, aliyekuwa Waziri wa Serikali za Mitaa, marehemu Karisa Maitha, aliongoza mpango wa kuwaondoa vijana barabarani na baadhi yao wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) kupata ujuzi. Mwaka huo huo, hazina ya kurekebisha familia za mitaani ilibuniwa. Hata hivyo, mpango uliotegemea ari ya waziri mmoja ulififia baada ya yeye kuhamishwa wizara na kisha kufariki mwaka wa 2004.

Funzo ni kwamba kuongeza mgao pekee hakutoshi. Kaunti zilitengewa Sh415 bilioni katika mwaka wa kifedha wa 2025/26, lakini nyongeza hiyo haimfikii kijana wa mitaani iwapo hana fungu lake. Mabunge ya kaunti yanapaswa kupitisha sheria zitakazolinda fedha hizo zisihamishwe, na kuweka bayana nani anayewajibikia walio na umri wa zaidi ya miaka 18.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fedha zinazookolewa leo kwa kufunga kituo hulipwa kesho katika magereza na hospitali.