Mzee Nyumbani Si Mzigo

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yamewafukuza wakulima wengi wa eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, kutoka mashambani. Jamaa zao wa mjini Beni na Butembo wamewapokea, na bugali na sombe ya nyumba moja sasa hulisha mbili. Katika kubana matumizi, mzee ndiye hukatiwa kwanza: dawa yake ya presha husubiri. Hilo ni kosa. Tupunguze kwanza gharama za harusi na matanga. Mzee hulea wajukuu mama akiwa sokoni, hujua mipaka ya shamba, husuluhisha ugomvi wa ndugu. Parokia na mitaa ziorodheshe wazee wasio na jamaa na kuwachangia kila mwezi. Serikali nayo iwalipe wastaafu kwa wakati.